Muulize mgonjwa mwenyewe: mwongozo wa maadili kwa anayehudumia watu majumbani

Mwongozo huu ni wa mtu anayeingia nyumba za watu kuwahudumia: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa huduma za majumbani, afisa ustawi wa jamii, au binti aliyeajiriwa kumtunza bibi wa watu. Idadi yao inaongezeka. Kenya iliwaingiza kazini wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwezi Septemba 2023, na Tanzania ikazindua mpango wake jumuishi wa wahudumu wa ngazi ya jamii Januari 2024. Wengi wanajua kupima presha na kuandika rufaa, lakini wakikuta familia imeshakaa kikao na kuamua mambo yote bila mgonjwa, hawajui waanzie wapi.

Masomo ya maadili ya tiba hutaja kanuni nne zilizopangwa na Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mtu, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Hazina kasoro. Ila darasani mgonjwa huwa peke yake na daktari, na kwetu yuko katikati ya mume, mama mkwe, wajomba na jirani aliyekuja kuazima jiko. Kwa hiyo nimezipanga kanuni hizo kwa mfuatano wa ziara yenyewe. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: muulize mgonjwa mwenyewe, mapema, mkiwa wawili.

Hatua ya 1: Kabla ya kupiga hodi

Jua unaenda kama nani. Kama kazi yako ni kufuatilia dawa na kutoa rufaa, basi kubadilisha dozi, kuchoma sindano au kutoa majibu ya kipimo si kazi yako, hata familia ikikusihi vipi. Watu hukusihi kwa sababu uko karibu na zahanati iko mbali. Jibu la heshima ni kuwafikisha kwa anayejua, siyo kubahatisha.

Jiulize pia ujio wako unatangaza nini mtaani. Fulana yenye maandishi ya mradi wa UKIMWI, pikipiki yenye nembo, begi ambalo kila mtu analijua: hivi vinatosha kumtoa mtu siri bila wewe kufungua mdomo. Mara ya kwanza mnapokutana kliniki, muulize: "Ungependa nije nyumbani, au tukutane mahali pengine? Nikija nivae nini? Wakiniuliza mimi ni nani, niseme nini?" Mwingine atakwambia usije kabisa, atakuja mwenyewe. Hilo nalo ni jibu, liandike.

Hatua ya 2: Pata dakika kumi za wawili

Hapa ndipo ziara nyingi huharibika. Umekaribishwa, umeamkia wazee, umepewa kigoda, na mgonjwa kalala mkekani. Unauliza, "Anaendeleaje?" Anayejibu ni mkwe wake. Unauliza kama anakula, anajibu mwanawe. Unauliza kama dawa zinamsumbua, wote wanajibu kwa pamoja. Mgonjwa mwenyewe anatazama dari.

Usiwafukuze ndugu. Wao ndio wanaomgeuza usiku na kufua nguo zake. Ukiwadharau leo, kesho mlango utafungwa. Anza nao. Wasikilize mpaka waishiwe, washukuru kwa kazi wanayoifanya, kisha omba nafasi kama jambo la kawaida la kazi yako: "Mama, kila ninayemtembelea huwa nazungumza naye peke yake kidogo, ndivyo tulivyofundishwa. Naomba dakika kumi na bibi, halafu nakuja tukae pamoja." Neno "kila" linasaidia sana hapa, maana hakuna anayehisi ameshukiwa.

Na kama nyumba ni chumba kimoja na pazia? Kuna njia. Kama anaweza kutembea, mtoke mkakae chini ya mti au msindikizane mpaka barabarani. Kama hawezi, uliza ni saa ngapi nyumba huwa tupu: wakati wa shamba, wakati wa soko, wakati watoto wako shule. Kama haiwezekani kabisa, uliza maswali yanayojibika kwa kutikisa kichwa, na mengine yaache mpaka siku ya kliniki. Usiulize swali zito mbele za watu eti kwa sababu fomu ina nafasi ya kujaza. Fomu inaweza kungoja.

Mkiwa wawili, muulize mambo matatu tu kwanza: nini kinakusumbua zaidi, nani ungependa ajue habari zako, na nani hutaki ajue. Majibu ya maswali mawili ya mwisho ndiyo yatakayoongoza kazi yako yote iliyobaki katika nyumba hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta ridhaa ya kweli

Mzee akikwambia "sawa mwanangu", usiharakishe kuandika "amekubali". Watu wetu, wazee hasa, husema sawa ili mgeni aondoke kwa heshima. Kunyamaza nako si kukubali. Ridhaa ya kweli ina dalili zake: mtu anauliza swali, anataka kujua gharama, anataja siku inayomfaa.

Eleza kwa lugha anayoitumia. Kama ni Msukuma wa kijijini ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani, tafuta mtu wa kutafsiri ambaye yeye mgonjwa anamkubali, wala asiwe mtoto wake. Mtoto wa miaka 12 hapaswi kumtafsiria mama yake habari za kutokwa damu ukeni. Kiziwi vilevile: tafuta mkalimani wa lugha ya alama, usizungumze na dada yake huku yeye akiwatazama midomo.

Ukimaliza kueleza, mgeuzie maelezo arudishe: "Nikishaondoka, dada yako akikuuliza yule mhudumu amesema nini, utamjibuje?" Usimuulize "umeelewa?", kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Akirudisha vibaya, kosa ni la maelezo yako, rudia kwa njia nyingine.

Mwambie pia kwamba anaweza kukataa, na akikataa hatanyang'anywa huduma nyingine. Watu wengi hudhani wakikataa kipimo kimoja watafutwa kliniki. Alama ya dole gumba kwenye karatasi haina maana yoyote kama aliyeiweka alidhani anapokea chandarua.

Kuna watu ambao uwezo wao wa kuamua unapungua: aliyepoteza kumbukumbu, mwenye ugonjwa wa akili, aliyepata kiharusi. Hapa watu hufanya haraka ya kusema "huyu hajielewi" na kumwondoa kwenye mazungumzo yote. Usikubali. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo moja moja. Bibi anayesahau jina la mjukuu anaweza kabisa kusema kwamba hataki kuogeshwa na mwanaume. Jaribu asubuhi kama jioni huchanganyikiwa, mletee miwani yake, kaa upande wa sikio linalosikia, zima redio. Pale ambapo hawezi kweli, muulize anayemjua: "Mama yako alipokuwa mzima, jambo kama hili angelitaka vipi?" Hilo ni tofauti na kumuuliza mtoto yeye anataka nini.

Kwa vijana, jua sheria ya unakofanyia kazi. Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya VVU ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Mhudumu anayemrudisha binti wa miaka 16 nyumbani akamlete mama yake amemnyima haki aliyopewa na Bunge.

Hatua ya 4: Familia ikisema "asiambiwe"

Baba ana saratani. Watoto wamepewa majibu wao, wakarudi nyumbani na kumwambia ni vidonda vya tumbo. Sasa wanakuvuta pembeni: "Dada, usije ukamwambia mzee, atakufa kabla ya siku zake."

Waelewe kwanza. Hawana nia mbaya, wanaogopa. Wanaogopa atakata tamaa, wanaogopa kumwona analia, na wengine wanaogopa mambo ya urithi yataanza kabla ya wakati. Waulize wazi: "Mnaogopa nini hasa akijua?" Mara nyingi utagundua wamechoka kubeba uongo, na kila mmoja anatamani mwingine auvunje.

Kisha nenda kwa mzee, na usianze na habari. Anza na swali: "Baba, wewe unafikiri ugonjwa wako ni nini?" Wagonjwa wengi huwa wameshajua. Mtu anayepelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akaona watu waliomo hahitaji kusoma cheti. Halafu uliza: "Kuna wanaotaka kuelezwa kila kitu kuhusu ugonjwa wao, na kuna wanaopenda ndugu ndio waelezwe. Wewe ungependa vipi?" Akisema "ongea na mwanangu mkubwa, mimi nataka tu maumivu yapungue", hiyo ni haki yake, na sasa familia inabeba habari kwa idhini yake. Akisema "nataka kujua", basi mrudishe kwa daktari wake akaelezwe vizuri, na familia uwaambie mapema kwamba ameomba mwenyewe.

Jambo moja lisiloruhusiwa ni kusema uongo. Akikutazama machoni akauliza, "Hii ni saratani?", usiseme hapana. Sema: "Swali hili ni kubwa na unastahili jibu kamili. Naomba tumpate daktari akueleze, nami nitakuwepo." Mzee akigundua baadaye kwamba ulimdanganya, hata ushauri wako wa dawa hatauamini. Tena mtu anayejua muda wake ni mfupi ana mambo ya kupanga: deni la kulipa, mtoto wa nje wa kutambulishwa, kiwanja cha kuandikisha, ndugu wa kupatana naye. Kumficha ni kumnyang'anya nafasi hiyo.

Hatua ya 5: Tunza siri kwa mikono na simu yako

Sheria ziko wazi. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya majibu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya taarifa binafsi ya mwaka 2019. Sheria hizi mbili za taarifa binafsi huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini siri haivuji mahakamani, inavuja katika mambo madogo:

- Kundi la WhatsApp la wahudumu, ambako mtu anatuma picha ya kidonda na sura inaonekana pembeni. Usipige picha bila ruhusa, na ukiruhusiwa, ikifika kwa daktari ifute kwenye simu yako.
- Daftari lenye majina na magonjwa linaloachwa juu ya meza ya mtendaji. Andika namba ya mgonjwa badala ya jina.
- Simu unayopokea ndani ya daladala: "Eeh, yule mama wa CTC hajafika." CTC ni kliniki ya wenye VVU, na abiria wanajua.
- Maombi. Unampenda mgonjwa, unamtaja kanisani ili aombewe, na waumini wote wanajua anaumwa nini.
- Mke au mume wako. Naye hakupewa ruhusa.

Suala gumu ni mwenza. Mume ana VVU, mkewe hajui, na wewe unamjua mkewe. Sheria ya 2008 inamtaka aliyepima amjulishe mwenza wake, ila wajibu huo ni wake, siyo wako kwenda kumnong'oneza shemeji kisimani. Kazi yako ni kumsaidia aseme. Muulize anaogopa nini. Jaribuni maneno pamoja. Mpe nafasi ya kumleta mwenza kliniki wapime wote wawili mbele ya mshauri nasaha. Mkumbushe kwamba anayemeza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza kwa ngono. Habari hii imewapa wengi ujasiri wa kusema. Na kwa mwanamke, kabla hujamhimiza aseme, uliza: "Mumeo amewahi kukupiga?" Kama ndiyo, mpango ubadilike, usalama wake uje kwanza, na mshauri wa kliniki ahusishwe.

Siri ina mipaka, nayo inatajwa mwanzoni, kabla mtu hajaanza kusimulia: "Utakayoniambia hayatoki hapa, isipokuwa nikijua kuna mtoto anayeumizwa, au wewe au mtu mwingine yuko kwenye hatari ya kufa. Hapo nitalazimika kutafuta msaada, na nitakwambia wewe kwanza." Mtu akishajua hivyo, anachagua mwenyewe aseme nini.

Hatua ya 6: Mguse kama mtu

Kumwogesha mtu mzima aliyelala kitandani ni mtihani mkubwa wa heshima. Uliza kwanza nani amwogeshe. Katika jamii zetu nyingi mkwe hawezi kuuona uchi wa mama mkwe wake, hata kama ndiye pekee aliye nyumbani, na kumlazimisha ni kuwaumiza wote wawili. Tafuta jirani wa kike, dada, au panga muda wako uwe hapo.

Andaa kila kitu kabla ya kumfunua: maji ya uvuguvugu, beseni mbili, sabuni, vitambaa viwili, kanga mbili kavu, mafuta. Funga mlango, funga pazia. Mfunike kanga moja mwili mzima. Mwambie unachofanya kabla ya kukifanya: "Bibi, sasa naosha mkono wa kulia." Toa mkono huo tu, uoshe, ukaushe, urudishe chini ya kanga. Anza na uso, malizia na sehemu za siri kwa kitambaa kingine na maji mengine. Kama anaweza kujiosha mwenyewe hapo, mpe kitambaa na ugeuke. Usipige soga na mwenzako juu ya mwili wake kana kwamba hayupo. Ukimgeuza, tazama kiunoni, visigino na viwiko kama ngozi imebadilika rangi, maana ndiko vidonda vya kulalia huanzia. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Wafundishe wanaobaki naye, na wapangiane zamu, asibaki binti mmoja.

Ibada nayo ni sehemu ya huduma. Mgonjwa Mwislamu asiyeweza kutumia maji anaweza kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, basi msogezee udongo safi na umsaidie kuelekea kibla. Mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani asizuiwe na wewe wala asiachwe ajiamulie dozi. Mpeleke kwa daktari wiki kadhaa kabla, ili kama inafaa dawa zipangwe upya kwa futari na daku, na kama haifai aelezwe kwa nini.

Hatua ya 7: Usiache maumivu yazoeleke

Tunaposema "usimdhuru" tunafikiria dawa mbaya au sindano chafu. Kumwacha mtu akipiga kelele za maumivu usiku kucha, ilhali dawa ipo nchini, nako ni kumdhuru. Mofini ya maji ya kunywa ni dawa ya bei ndogo. Uganda iliionyesha Afrika njia: daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo ikabadili kanuni ili wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, waweze kuandika mofini, badala ya kumngojea daktari asiyekuwepo wilayani.

Kwa hiyo uliza maumivu kila ziara. Mwambie aonyeshe kwa vidole: sifuri hakuna, vitano hayavumiliki. Ukiona yamefika vitatu licha ya dawa alizonazo, andika rufaa kwa ajili ya maumivu peke yake na useme hivyo kwenye karatasi. Familia ikiogopa kwamba mofini itamfanya teja au itamuua, waeleze kwamba inapotolewa na kupimwa na mtaalamu haifanyi hivyo, ila hufunga choo, na ndiyo maana hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Kamba na minyororo ni dhara pia. Mgonjwa wa akili aliyefungwa kwenye mti nyuma ya nyumba si "hali ya familia". Waulize wamemfunga tangu lini na kwa nini, waambie kuna dawa, na uondoke na tarehe ya kumpeleka hospitali.

Hatua ya 8: Gawa muda na ukatae hela

Utajikuta unapenda nyumba zenye chai na kuzikwepa zile za mwisho wa njia. Tazama daftari lako kila mwisho wa mwezi: nani hajatembelewa? Mara nyingi ni mlevi, ni mama anayeuza pombe, ni mwenye ulemavu anayeishi nyuma ya nyumba ya kaka yake.

Zawadi zina adabu yake. Kikombe cha chai, ndizi, muhogo wa kuchemsha, kula mle mle ndani na ushukuru. Kukataa ni tusi. Hela, kuku wa kubeba, au "nauli" kutoka kwa mtu anayesubiri rufaa, usipokee. Dawa za VVU na za kifua kikuu ni bure. Ukisikia mtu anaziuza, mpelekee habari msimamizi wako siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Ukiona ukatili

Michubuko yenye hadithi isiyoeleweka. Mzee ambaye hela zake za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hazionekani na yeye ana njaa. Bibi anayeitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu, wakati ni moshi wa kuni wa maisha yake yote. Usinyamaze, na usikubali kuwa msuluhishi wa "yamalizwe kifamilia".

Msikilize mhusika peke yake, usimhoji kama polisi. Mwamini, mwambie si kosa lake. Aliyebakwa afike hospitali haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72; matibabu yaanze, fomu ya polisi (PF3 kwa Tanzania) ifuate. Kwa mtoto, toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto inayotumika Tanzania na Kenya. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, muulize anataka hatua gani, isipokuwa maisha yake yako hatarini. Andika ulichokiona na alichosema kwa maneno yake, bila kuongeza tafsiri yako.

Hatua ya 10: Kanuni mbili zikigongana

Mfano huu utakukuta, kama haujakukuta. Mzee wa miaka 68 ana kisukari, vidole vya mguu vimekuwa vyeusi na vinanuka. Daktari amesema mguu ukatwe chini ya goti. Mzee amekataa. Wanawe wanasema, "Tumchome sindano ya usingizi tumpeleke, atakuja kutushukuru." Kumtendea mema kunavuta huku, kuheshimu uamuzi wake kunavuta kule.

Kwanza, hakikisha anayekataa ni yeye mwenyewe, siyo ugonjwa. Kidonda kilichooza huweza kuingiza sumu kwenye damu na kumchanganya mtu, na sukari ikipanda au kushuka sana hufanya vivyo hivyo. Kama jana alizungumza vizuri na leo anaropoka, hiyo ni dharura ya kumkimbiza hospitali, na mjadala wa mguu utaendelea akipata fahamu. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ulipo wewe, itendee kazi roho ya maneno hayo.

Kama ametulia, mrudishie swali: "Mzee, daktari alisema nini kitatokea mguu usipokatwa?" Akijibu "nitakufa, najua", basi ameelewa. Sasa tafuta sababu, maana "sitaki" huficha mambo mengi. Huenda jirani yake alikatwa akafa. Huenda anaona aibu ya kubebwa chooni na binti yake. Huenda anataka azikwe akiwa kamili. Huenda amewaza gharama na anajua ng'ombe waliobaki ni wa ada ya mjukuu. Kila sababu ina jibu lake: aliyekatwa na anayetembea kwa mguu wa bandia aje wazungumze, choo cha kukalia kinaweza kutengenezwa kwa kiti cha mbao kilichotobolewa, sheikh au mchungaji anayemheshimu aulizwe kuhusu maziko, na familia iulize hospitali mapema namna ya kuchukua mguu ukazikwe, afisa ustawi wa jamii wa hospitali aulizwe kuhusu msamaha wa gharama kwa wazee. Muulize kama angekubali daktari mwingine wa hospitali ya rufaa ya mkoa amtazame kwanza.

Wanawe nao wakalishwe. Waambie waziwazi kwamba kumpa usingizi kwa hila ni kosa, na kwamba akiamka bila mguu hatamwamini tena yeyote kati yao, wakati ndipo atakapowahitaji kuliko siku zote. Waombe kila mmoja amwambie baba yake kwa nini anamtaka aishi. Mara nyingi hakuna aliyekwisha kumwambia. Walikuwa wanamtisha tu.

Akiendelea kukataa, huduma haikomi. Kidonda kisafishwe na kufungwa, maumivu yatibiwe, harufu ipunguzwe, sukari ipimwe. Wako wahudumu wanaosusa mgonjwa aliyewakatalia, na wakifanya hivyo wanageuza ushauri kuwa amri. Wewe rudi kama kawaida, na kila ziara uliza upya kwa upole, bila kumhutubia.

Andika kwenye daftari tarehe, waliokuwepo, alichoelezwa, maneno yake ya kukataa kama alivyoyasema, njia nyingine zilizojadiliwa, jina la msimamizi uliyemwarifu, na siku ya kurudi. Mwachie namba ya zahanati na ya dereva anayepokea simu usiku, na nakala ya rufaa ikae pale pale chini ya mto wake, kwa sababu aliyekataa Jumatatu anaweza kuomba apelekwe Alhamisi saa nane za usiku, na saa hiyo hapaswi kuanza kumweleza mtu upya.